Kinga ya Mja Mzito baina ya Milima ya Masisi na Msitu wa Walikale

Mwanamke aliyekulia mahali ambapo malaria haikatiki mwaka mzima, akaugua tangu utotoni na kupona mara nyingi, hufikia utu uzima akiwa na kinga ambayo, ijapokuwa haimwondolei vimelea mwilini, aghalabu humhifadhi na homa kali na mauti. Ilhali mwanamke huyo huyo ashikapo mimba yake ya kwanza huonekana kana kwamba amepokonywa hifadhi hiyo. Matabibu walidhani kwa muda mrefu kwamba ni mimba yenyewe iudhoofishayo mwili. Dhana hiyo haikosi ukweli, lakini haikueleza kwa nini mimba ya pili huwa na nafuu, na ya tatu nafuu zaidi.

Jawabu lilitoka magharibi mwa Kenya, ambako Michal Fried na Patrick Duffy walichunguza makondo ya wazazi, wakabainisha mwaka 1996 kwamba chembe nyekundu za damu zilizoingiwa na kimelea cha Plasmodium falciparum hujishikiza katika kondo la nyuma kwenye dutu iitwayo kondroitini salfeti A. Kimelea hutokeza juu ya chembe protini, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la VAR2CSA, na kwa hiyo hung'ang'ania kondo kama kupe kwenye ngozi ya ng'ombe, kisipitie katika wengu ambamo kingeangamizwa. Msichana ambaye hajapata kuwa na kondo hajapata kupambana na kimelea cha namna hiyo, na kinga yake yote ya utotoni haikitambui. Ndiyo sababu tone la damu ya kidole laweza kuonekana safi, na hali kondo limejaa vimelea, mama anapungukiwa damu, na mtoto anakosa lishe hata akazaliwa na uzito haba.

Kinga ya mimba, basi, hupatikana kwa masharti mawili: kuwa na mimba, na kuwa nayo mahali penye malaria. Sharti hili la pili ndilo ninalotaka lizingatiwe Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Sehemu kubwa ya malisho ya Masisi imo katika milima inayopita mita 1,500, ambako baridi hupunguza mbu na kukawiza ukuaji wa kimelea ndani yao. Kuelekea magharibi, ardhi huteremka hadi msitu wa Walikale, ulio wa joto na unyevu, wenye malaria kila mwezi. Mama wa milimani aliyezaa mara tano huenda asiwe na kinga hata ya mimba moja. Na akiteremka kwenda kuuza chakula karibu na machimbo ya madini ya kasiteriti, au akikimbia vita, vilivyoufikia hata mji wa Walikale mwezi wa Machi 2025, yumo hatarini sawasawa na mwenye mimba ya kwanza, pengine kuliko yeye, kwa kuwa hana pia ile kinga ya utotoni. Muuguzi akitazama idadi ya uzazi peke yake atamhesabu kuwa salama. Amwulize alikokulia, na mimba zake zilizopita alizibebea wapi.

Shirika la Afya Duniani lilielekeza mwaka 2012 kwamba tangu mwezi wa nne wa mimba, katika kila ziara ya kliniki, ilimradi upite mwezi mmoja kati ya dozi na dozi, mama ameze mbele ya muuguzi tembe 3 za sulfadoksini na pirimethamini, ambazo wengi huziita Fansidar. Vimelea vingi vya mashariki mwa Kongo vimekwisha kuizoea dawa hiyo. Hata hivyo, hata penye usugu mkubwa, watoto wa mama walioimeza huzaliwa na uzito ulio bora, kwa hiyo si haki kumnyima mama. Chanjo mbili za VAR2CSA, PAMVAC na PRIMVAC, zimekwisha kujaribiwa kwa watu, ila hazijafika zahanati yoyote.

Inabaki miezi mitatu ya mwanzo, ambayo Fansidar haiifikii. Tangu 2022 mama anayeugua katika muda huo aruhusiwa kutibiwa kwa artemetha na lumefantrini. Lakini kwa kuzuia ugonjwa hana ila chandarua, naye aliyelala chini ya turubali katika kambi ya wakimbizi mara nyingi hana hata mti wa kukitundikia. Chandarua hicho apewe siku anayowasili, pamoja na kamba na miti yake, asingojee ziara ya kwanza ya kliniki, ambayo wengi huifikia mimba ikiwa imekwisha kuwa kubwa.