Kengele Peke Yake Haimweki Muumini

Toka Bagamoyo mjini hadi Fukayosi, kwenye barabara iendayo Msata, Mkatoliki akiiacha dini yake watu huwa wepesi wa kuhukumu: ni ulevi, au ni tamaa ya mke wa pili. Historia ya pwani yetu yatufundisha kutazama mbali zaidi.

Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walivuka kutoka Unguja wakaanzisha misheni Bagamoyo. Huko walilea watoto waliokombolewa kwa fedha katika soko la watumwa la Unguja, soko ambalo Sultani Barghash alilifunga mwaka 1873. Watoto walifundishwa dini, kilimo na ufundi. Walipokua waliozwa wao kwa wao, wakakaa katika kijiji cha misheni. Kusali, kulima na kulala, vyote vilifuata kengele.

Wema wa kazi ile haukanushiki. Hata hivyo, wapo waliotoroka. Aliyetoka utumwani hakupenda siku zake zote zipangwe na mwingine, hata kama huyo alimtakia heri. Na mjini, karibu tu, palikuwa na ujira, ngoma, majirani, na Uislamu uliokuwa dini ya wenyeji. Aliyekosa ukoo misheni aliutafuta huko.

Sababu hiyo haijazeeka. Mkatoliki anayeishi mbali na kigango, akiugua hatembelewi, akifiwa huzikiwa na majirani wa dini nyingine. Polepole hujua ndugu zake ni nani. Akifunga ndoa ya serikali, kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inavyomruhusu, huzuiwa kukomunika, naye huona haya kurudi ibadani. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliliona jambo hili: walipokutana Nairobi mwaka 1976 walisisitiza ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ili muumini awe na wa kumjulia hali.

Nasi watumishi wa umma tusidhani kwamba somo hili ni la mapadre tu. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, wapo waliohamishwa kwa amri bila kuridhishwa. Amri ilipolegea, walirejea kwenye mahame yao.

Basi, kabla ya kumlaumu aliyeondoka, kiongozi wa dini na wa serikali ajiulize kwanza: ni lini alipofika mlangoni kwa mtu yule, akaketi, akamsikiliza?