Mke na Mume Safarini Ufipa

Wengi wetu hawafuatani na wake zao ila waendapo arusini au matangani. Safari ya kutazama ardhi ya Mwenyezi Mungu huwa ya mume peke yake. Twaona hiyo ni dhulma, japo ndogo.

Waliojaaliwa afya na wabebe mizigo yao mgongoni, waende Sumbawanga. Ni nchi ya juu, na mwezi wa Juni na Julai baridi yake haina mzaha, blanketi lisisahauliwe. Wataona matuta ya mviringo yaitwayo intumba, ambamo Wafipa huzika majani yaoze yawe mbolea, na mabaki ya tanuri refu za udongo walimoyeyushia chuma.

Kisha washuke Kasanga, iliyoitwa Bismarckburg zama za Wadachi, wakaone maporomoko ya Kalambo, ambayo maji yake huanguka zaidi ya mita 200. Mteremko ni mkali: bwana asitangulie mbio, akamwacha bibi nyuma na sufuria, na birika, na maji ya wote wawili!

Adhuhuri, Alasiri na Isha, msafiri ana ruhusa ya kusali rakaa mbili mbili. Kibla huko ni kaskazini, kuelekea mashariki kidogo.