Gari la kifahari la viti saba: Hesabu ya kweli hufanyiwa Buyenzi

BUJUMBURA – Mtu anayetafuta spea au fundi wa gari katika mji mkuu wa kiuchumi wa Burundi haelekezwi mbali. Huambiwa aende Buyenzi, mtaa wa zamani wa Waswahili, wenye barabara zilizopewa namba, soko la Ruvumera, na gereji zilizobanana kila upande. Hapo ndipo magari mengi ya mitumba hufikia baada ya kushushwa bandarini Dar es Salaam. Hapo pia ndipo wanunuzi wengi hugundua, wakiwa wamechelewa, kwamba bei waliyomlipa muuzaji ilikuwa sehemu tu ya gharama.

Katika miaka ya karibuni familia zenye uwezo wa kati zimezidi kuvutiwa na magari ya kifahari yenye safu tatu za viti. Sababu zipo. Familia ni kubwa, watoto wanasoma shule tofauti, na harusi, misiba na safari za kwenda upande wa juu wa nchi haziishi. Aidha, Machi 2022 serikali ilipiga marufuku pikipiki, bajaji na baiskeli za abiria kuingia katikati ya jiji la Bujumbura. Kaya zilizotegemea usafiri huo zililazimika kutafuta njia nyingine, na baadhi ziliamua kutumia akiba ya miaka mingi kununua gari moja litakalobeba wote.

Swali ni je, gari hilo liwe la kifahari?

Ni magari gani hayo?

Yanayozungumzwa hapa ni magari yenye umbo la gari la milimani lakini yaliyojengwa kama gari dogo, yaani bodi na fremu ni kitu kimoja. Kwa sababu hiyo hutulia barabarani na kupanda kwake ni rahisi kuliko Land Cruiser Prado, ambayo bodi yake imekalia fremu ya peke yake.

Volvo ilizindua XC90 mwaka 2002. Audi ikafuata na Q7 mwaka 2005, Mercedes-Benz ikaleta GL mwaka 2006, na BMW ikaanza kutoa X5 yenye safu ya tatu ya hiari katika toleo lililoingia sokoni mwishoni mwa mwaka huo huo. Lexus ilichelewa hadi mwisho wa 2017 ilipotoa RX ndefu ya safu tatu. Yalipokuwa mapya, magari haya yalinunuliwa na matajiri wa Ulaya, Marekani na Japani. Baada ya miaka 10 au 15 bei yake hushuka sana, na hapo huonekana nafuu machoni pa mnunuzi wa Afrika Mashariki.

Hata hivyo, linaloshuka ni bei ya kununua tu. Bei ya spea haishuki. Giaboksi ya gari lililouzwa kwa bei ya juu likiwa jipya huendelea kuwa giaboksi ya gari la bei ya juu, hata kama gari lenyewe sasa linauzwa sawa na Toyota ya kawaida.

Anza na kiti cha nyuma

Wanunuzi wengi huanza kwa kufungua boneti. Kwa gari la familia, mahali pa kuanzia ni safu ya tatu. Mtu mzima aingie humo, akae, na mlango ufungwe kwa dakika kumi wakati wa jua la mchana. Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika na joto lake si la mchezo. Kama kiyoyozi hakina matundu ya kupeleka hewa nyuma, au matundu yapo lakini hayatoi baridi, watoto ndio watakaoteseka.

Baada ya hapo, angalia mambo matatu. La kwanza ni mikanda ya usalama: kila kiti kiwe na wake, na ujifunge bila kukwama. La pili ni nafasi iliyopo kati ya kichwa cha anayekaa nyuma na kioo cha mlango wa mizigo. Katika magari mengine ni ndogo sana. La tatu ni mifuko ya hewa ya pembeni. XC90 ya kwanza ilisifiwa kwa sababu pazia lake la hewa lilifika hadi safu ya tatu, na kiti cha kati cha safu ya pili kilikuwa na kiinuo cha mtoto kilichojengwa ndani. Si kila gari la viti saba lina vitu hivyo.

Tena, viti vya nyuma vikisimamishwa, sehemu ya mizigo hupungua kabisa. Familia ya watu saba inayosafiri kwenda Gitega au Ngozi na mabegi, pamoja na gunia la viazi wakati wa kurudi, itahitaji keria ya juu.

Usukani uko upande gani?

Burundi huendesha upande wa kulia wa barabara, wakati Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto. Magari mengi yanayotoka Japani kupitia Dar es Salaam yana usukani wa kulia. Yanayotoka Ulaya, hasa kupitia bandari ya Antwerp nchini Ubelgiji, huwa na usukani wa kushoto, ambao ndio unaofaa kwa barabara za Burundi.

Dereva mwenye usukani wa kulia akiwa nyuma ya lori katika kona za mlimani haoni gari linalokuja mpaka awe amejitokeza nusu barabara. Taa nazo zina shida. Taa za chini za gari la Japani zimetengenezwa zimulike zaidi upande wa kushoto, ambako kwao ni ukingo wa barabara. Hapa upande huo ni wa magari yanayokuja, kwa hiyo humulika macho ya madereva wengine. Zaidi ya hayo, katika baadhi ya magari kiti kinachokunjwa kuwapitisha watoto kwenda nyuma kiko upande wa kushoto peke yake. Kule Japani upande huo ni wa ukingo. Bujumbura, mtoto hushukia katikati ya magari.

Kwa hiyo gari la Ulaya lenye usukani wa kushoto lina faida ya kweli kwa familia. Lakini faida hiyo ipimwe dhidi ya hesabu za forodha na za gereji.

Hesabu ya forodha

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007 na kuingia katika umoja wake wa forodha mwaka 2009, mwaka ambao pia Mamlaka ya Mapato, OBR, iliundwa. Kiwango cha kawaida cha ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa gari la abiria ni asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na bima na usafiri hadi bandarini. Juu yake huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18.

Chukua mfano wa gari ambalo thamani yake hadi bandarini ni dola 10,000. Ushuru ni dola 2,500. Kodi ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya 12,500, nayo ni dola 2,250. Jumla imefika dola 14,750, kabla ya tozo nyingine ambazo sheria ya bajeti huweza kubadilisha kila mwaka, gharama za bandari, wakala, na safari ya zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura kupitia mpaka wa Kabanga na Kobero.

Mnunuzi akumbuke pia kwamba mamlaka ya forodha hailazimiki kukubali bei iliyoandikwa kwenye ankara. Ikiona ni ndogo mno huweza kukadiria thamani yake yenyewe. Gari la kifahari "lililopatikana bei ya kutupa" huenda likatozwa kodi kwa thamani ya juu kuliko aliyolipa mwenyewe.

Karatasi na historia

Kwa gari la Japani, muuzaji aombwe karatasi ya mnada. Humo mna alama ya hali ya gari. Alama ya R au RA humaanisha limewahi kupata ajali na kutengenezwa. Cheti cha kuuzwa nje nacho huonyesha kilomita zilizoandikwa wakati wa ukaguzi. Namba hizo zilinganishwe na dashibodi. Gari lenye kilomita 78,000 kwenye dashibodi na pedali ya breki iliyolika hadi chuma linasema lenyewe.

Jambo jingine ni maji. Aprili 2024 mvua kubwa zilifurika Dubai, ambako wafanyabiashara wengi wa ukanda huu hununua magari. Mwaka huo huo Ziwa Tanganyika lilifurika hadi Gatumba na maeneo ya pwani ya Bujumbura. Gari la kifahari limejaa kompyuta ndogo na nyaya chini ya zulia. Inua zulia la safu ya pili na la boti, angalia matope, kutu kwenye skrubu za viti, na harufu ya uvundo. Gari lililozama huweza kutembea vizuri miezi mitatu, kisha taa za dashibodi zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine.

La tatu linahusu uhai. Kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika Juni 2017, ilitengeneza mifuko ya hewa ambayo kifaa chake cha kujazia huweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevunyevu kwa miaka mingi ndivyo vinavyokiharibu, na hali ya hewa ya Bujumbura ina vyote viwili. BMW X5 na Mercedes GL za miaka fulani ni miongoni mwa magari yaliyoitwa kurudishwa. Mengi yaliuzwa nje kabla ya kurekebishwa. Namba ya chasisi huweza kuangaliwa bure kwenye tovuti za watengenezaji au za mamlaka za usalama barabarani.

Uliza spea kabla ya kulipa

Hapa ndipo Buyenzi inapoingia. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aandike orodha ya vitu vitano: pedi za breki, shokomzoba, pampu ya maji, taa ya mbele, na sensa za injini. Kisha azunguke madukani akiulizia bei kwa aina na mwaka kamili wa gari. Kwa Toyota Kluger au Vanguard majibu hupatikana haraka. Kwa Q7 au GL jibu huweza kuwa "tuagize Dubai", na kuagiza kunataka dola. Tangu Benki ya Jamhuri ya Burundi iliposhusha sana thamani ya faranga Mei 2023, kila spea inayotoka nje imekuwa mzigo mzito zaidi.

Kuna magonjwa yanayojulikana. GL husimama juu ya mifuko ya hewa badala ya springi za chuma, na Q7 nyingi pia. Mifuko hiyo ikizeeka huvuja. Dalili yake ni gari kulala kona moja likiegeshwa usiku kucha, kwa hiyo litazamwe asubuhi kabla halijawashwa. XC90 za mwanzo zenye injini ya T6 zilifungwa giaboksi ya gia nne ambayo imejulikana kwa miaka mingi kwa kuharibika mapema. Zile za silinda tano zimeonekana kuwa salama zaidi upande huo. Lakini injini hizo za silinda tano hutumia mkanda wa taimingi, na ukikatika injini huumia. Kama hakuna karatasi inayoonyesha ulibadilishwa lini, uhesabiwe kama haukubadilishwa.

Fundi pia aulizwe kama ana kompyuta ya kusoma gari la aina hiyo. Fundi hodari wa Toyota si lazima awe fundi wa Audi.

Mafuta na mlima

Gari kubwa la kifahari huweza kutumia lita 15 kwa kilomita 100 mjini, wakati dogo zaidi la viti saba hutumia lita 10. Kwa familia inayotembea kilomita 1,000 kwa mwezi, tofauti ni lita 50. Katika nchi ambayo imepitia uhaba mkali wa mafuta miaka ya karibuni, tatizo la lita 50 haliishii kwenye fedha. Ni siku za ziada kwenye foleni.

Jaribio la mwisho lifanyike kwenye barabara ya RN1 kuelekea Bugarama. Kutoka mjini, ambako ni chini ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, barabara hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 katika umbali mfupi. Gari lipandishwe likiwa na watu saba, si dereva peke yake. Geji ya joto isipande, gia zisirukeruke, na wakati wa kushuka breki zisitoe harufu. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha jibu swali.

Uamuzi

Hesabu nyepesi ni hii: baada ya kulipa gari, kodi na usafiri, mnunuzi awe amebakiwa na walau robo ya bei ya gari kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Kama hana, gari la kifahari si lake kwa sasa, hata kama bei inamvutia. Familia inayohitaji viti saba kila siku, na ambayo shule na duka vinategemea gari hilo moja, itahudumiwa vizuri zaidi na Toyota ya kawaida yenye spea Ruvumera. Mwenye akiba hiyo, na fundi anayeijua XC90, anaweza kupata gari salama lenye usukani upande unaotakiwa.

Vyovyote iwavyo, siku ya kwenda Buyenzi iwe kabla ya siku ya kulipa.