Nota Zinazosomeka: Kanuni za Kupanga Muziki kwenye Karatasi

Muziki ulioandikwa husomwa huku wakati ukipita, kwa kuwa mwimbaji aliyekwisha kuanza wimbo hana ruhusa ya kurudi nyuma kutafuta alama aliyoiruka, wala ya kuwasimamisha wenzake ili atambue silabi ipi inaangukia nota ipi. Kwa sababu hiyo, kanuni za kupanga nota kwenye karatasi, ambazo mtu wa nje angeziona kuwa mambo ya urembo tu, zimetungwa ili jicho litangulie sauti kidogo bila kukwama popote.

Kanuni hizo zilikua pamoja na ufundi wa uchapaji. Mwaka 1501, mjini Venice, Ottaviano Petrucci alichapa mkusanyiko wa nyimbo za sauti nyingi kwa herufi za metali, akiipitisha karatasi ileile mashineni zaidi ya mara moja, ili mistari na nota zipigwe kila moja kwa zamu yake. Miongo michache baadaye Pierre Attaingnant wa Paris aliieneza njia ya haraka zaidi, ambamo kila herufi ya chapa ilibeba nota pamoja na kipande cha mistari yake. Gharama ilishuka, lakini mistari ilionekana imekatikakatika. Karne zilizofuata mafundi walichonga muziki kinyumenyume kwenye mabamba ya metali, na katika karakana zao ndipo zilipokomaa kanuni nyingi ambazo leo programu za kompyuta hujaribu kuzifuata.

Kanuni ya kwanza inahusu nafasi. Nota hupangwa juu ya stafu, yaani mistari mitano ya ulalo, na mistari ya wima huigawa stafu katika vipimo vyenye idadi maalumu ya mapigo. Nota ndefu hupewa nafasi kubwa kuliko fupi, lakini si kwa uwiano kamili: minimu, ambayo katika mizani ya kawaida huchukua mapigo mawili, haipewi nafasi maradufu ya krocheti, ambayo huchukua pigo moja, kwa sababu uwiano huo ungeacha mapengo makubwa yanayolichosha jicho. Vijiti vya nota navyo vina utaratibu wake: nota iliyo chini ya mstari wa kati huelekeza kijiti juu, na iliyo juu ya mstari huo hukielekeza chini, ili vijiti visitoke mbali nje ya stafu. Hata hivyo, sauti mbili zinapoandikwa katika stafu moja, kama soprano na alto katika vitabu vingi vya tenzi, kanuni hiyo huwekwa kando. Vijiti vya soprano huelekea juu na vya alto chini, popote nota zilipo, ili kila mwimbaji aufuate mkondo wa sauti yake.

Mpangilio wa sauti huanzia juu kwenda chini: soprano, alto, tenori na besi. Katika orkesta, ala za kupuliza za mbao hutangulia, zikafuatwa na za shaba, kisha za kugongwa, na ala za nyuzi kama fidla huwa chini kabisa. Alama za nguvu ya sauti, kama vile p ya kuimba kwa sauti ndogo na f ya kuimba kwa nguvu, huwekwa chini ya stafu ya ala, lakini juu ya stafu ya mwimbaji, kwa kuwa chini yake pana maneno.

Maneno hayo ndiyo yanayomtaka mpangaji wa nyimbo za Kiswahili awe mwangalifu zaidi. Neno hugawanywa kwa silabi zilizounganishwa na vistari vifupi, na kila silabi hukaa chini ya nota yake. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, hivyo Mungu hugawanywa Mu-ngu wala si Mun-gu, na mbingu huwa mbi-ngu. Kwa upande mwingine, m ya mtu na n ya nchi ni silabi kamili zinazostahili nota zake, ilhali m ya mwana haijitengi, na neno juu lina silabi mbili ingawa masikio huweza kulisikia kama irabu moja ndefu. Programu inayokata maneno kwa kanuni za lugha nyingine huyaharibu yote haya, na mwimbaji hujikuta akiufunga mdomo kwa n mahali ambapo irabu ilipaswa kuendelea. Silabi moja ikibeba nota kadhaa, nota hizo huunganishwa kwa upinde; na silabi hiyo ikiwa ya mwisho wa neno, mstari huchorwa baada yake mpaka nota ya mwisho.

Kwa wapigaji wa ala, ambao mikono yao ina kazi, suala kubwa ni kufunua ukurasa. Mpangaji mzuri huhakikisha kwamba ukurasa wa kulia, wenye namba witiri, unaishia penye pumziko la kutosha, hata kama italazimu kuacha sehemu ya karatasi tupu. Namba za vipimo huwekwa mwanzoni mwa kila mstari wa muziki, ili kiongozi akitaja kipimo cha 45 wote waanzie mahali pamoja.

Kwaya nyingi za Afrika Mashariki hutumia pia tonic sol-fa, mfumo uliotokana na kazi ya Sarah Glover wa Norwich na kuendelezwa na John Curwen katika karne ya 19, kisha ukaenezwa na wamisionari. Humo nota ni herufi d, r, m, f, s, l na t. Nukta pacha hutenganisha mapigo, na kistari huonyesha kuwa sauti inaendelea. Kwa kuwa hauhitaji stafu, ungeweza kuchapwa hata kwa taipureta. Sharti lake kuu ni kwamba mapigo ya sauti zote nne yapangwe wima, moja chini ya jingine. Yakipishana, faida yote hupotea.

Kabla ya kuchapa, kila sauti inapaswa kusomwa peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, ikiwezekana na mtu ambaye hakuiandika, kwa sababu mtunzi husoma anachokikumbuka na si kilichopo. Kosa moja lililoachwa kwenye nakala hamsini litasahihishwa kwa penseli mara hamsini, na muda huo utatoka kwenye mazoezi ya kwaya.