RAV4 zinavuka ziwa, barua za kuziita zinabaki Japani

Mwezi wa Januari 2024, Toyota iliwaambia wenye magari wapatao 50,000 wa Marekani neno ambalo kampuni ya magari hailisemi kirahisi: msiyaendeshe tena mpaka yatengenezwe. Katika orodha ile, pamoja na Corolla na Matrix za 2003 na 2004, zilikuwemo RAV4 za 2004 na 2005. Sababu ni erbagi, ule mfuko unaofumuka mbele ya dereva au abiria gari linapogonga. Katika magari hayo, chombo cha chuma kinachoujaza mfuko kinaweza kupasuka chenyewe na kumrushia dereva au abiria vipande vya chuma usoni, shingoni na kifuani.

Marekani, RAV4 ya 2004 ni gari la zamani ambalo wengi wamekwisha kulitupa. Kwetu ni gari la jirani. Kalemie, Uvira, Bukavu, Goma, Lubumbashi, kila mahali utaziona, zimepakwa rangi upya, zina tairi mpya, na mwenye gari anajivuna nayo kwa haki kabisa maana aliitafutia makuta kwa miaka. Nyingi zimetoka Japani zikiwa okazyo. Zinashushwa Dar es Salaam, nyingine zinafika Kigoma na kuvuka ziwa, nyingine zinazunguka kwa njia ya Zambia na Kasumbalesa ndipo zipande kuja kaskazini. Gari linavuka mipaka miwili au mitatu na duane zake zote. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakivuki: barua ya kampuni inayomwambia mwenye gari alirudishe likatengenezwe bure.

Hilo ndilo jambo la kuelewa. Kiwanda kinapogundua kosa, kinatafuta wenye magari kwa kufuata majina yaliyoandikishwa serikalini. Japani, barua inakwenda nyumbani kwa mtu aliyeandikishwa. Siku gari linapofutwa katika kitabu cha Japani ili lisafirishwe, jina la mwisho linalojulikana ni la yule aliyeliuza. Mnunuzi wa Kalemie hayumo. Hakuna mtu wa Tokyo anayejua kwamba gari lile sasa linapakia abiria kwenye ukingo wa Tanganyika.

Tuchukue Mpala. Mahali hapa, kwenye mlango wa mto Lufuko kusini mwa Kalemie, panajulikana katika historia: Kapteni Émile Storms alijenga kituo chake hapa mwaka 1883, na miaka miwili baadaye kikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Lakini si mahali pa magari. Watu wanasafiri kwa mitumbwi ya injini na kwa pikipiki, na gari likifika kila mtu anajua ni la nani. Kwa hiyo gari la Mpala si la mtu mmoja tu hata kama karatasi zina jina moja. Ndilo linaloombwa usiku mama akishikwa na uchungu, ndilo linalobeba mgonjwa, walimu, magunia na maiti. Kosa la usalama katika gari la namna hii linabebwa na kijiji kizima, na fundi wa karibu anayeweza kulifungua bila kubahatisha yuko mbali sana.

Turudi kwenye erbagi, maana ndiyo inayotugusa zaidi. Zilitengenezwa na kampuni ya Kijapani inayoitwa Takata, iliyokuwa ikiuzia karibu viwanda vyote vikubwa: Honda, Toyota, Nissan, Mazda, BMW na wengine. Ndani ya kile chombo kuna tembe za nitrati ya amonia. Gari likigonga, tembe zinaungua, zinatoa gesi, mfuko unajaa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Shida ni kwamba dawa hii, ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, joto likipanda mchana na kushuka usiku, inaharibika. Siku ya kugonga inaungua kwa kasi kupita kiasi, na chombo chenyewe kinapasuka kama guruneti. Mgongano mdogo ambao dereva angeshuka akitukana tu, unakuwa kifo.

Honda ilianza kuyaita magari yake mwaka 2008. Kutoka hapo hesabu ikapanda hadi kufikia erbagi zipatazo milioni 67 Marekani peke yake, mwito mkubwa kuliko wote katika historia ya magari ya nchi ile. Zaidi ya watu 25 wamekufa huko na wasiopungua 400 wamejeruhiwa. Takata ilikiri kosa mbele ya mahakama ya Marekani mwaka 2017 na mwaka huohuo ikafilisika.

Sasa soma tena yale maneno: joto, unyevu, miaka mingi. Wamarekani walipopanga nani atengenezewe kwanza, waliweka mbele Florida, Hawaii, Puerto Rico na majimbo ya pwani ya kusini, kwa sababu hewa ya huko ndiyo inayoharibu dawa upesi. Wafaransa nao waliona vilevile. Wanaosikiliza redio za Kifaransa wanakumbuka habari za Citroën C3 na DS3: vifo vingi vilitokea katika maeneo ya mbali ya Ufaransa yenye joto kama Guadeloupe, Martinique na Réunion, kabla mwanamke mmoja hajafa Reims, Ufaransa yenyewe, mwezi wa Juni 2025. Ni baada ya kifo kile ndipo C3 na DS3 zote zenye erbagi hizo zikasimamishwa, hata za kaskazini. Wasomaji wataamua wenyewe kwa nini vifo vya visiwani havikutosha. Mimi ninachoona ni kwamba hewa ya ukingo wa Tanganyika, masika yake na jua lake, iko karibu na ya Guadeloupe kuliko ya Reims, na hakuna aliyetuweka kwenye orodha ya kwanza wala ya mwisho.

Japani yenyewe ilikaza kamba. Kuanzia Mei 2018, magari yenye erbagi za Takata za hatari ambazo hazijabadilishwa hayapiti tena ukaguzi wao wa lazima, unaofanyika kila miaka miwili kwa gari la mtu binafsi. Ni jambo jema kwa Wajapani. Lakini fikiria mwenye gari kuukuu ambaye ukaguzi wake unakaribia, una gharama, na kuna mnunuzi wa ng'ambo anayelitaka gari lilivyo. Atafanya nini? Magari mengi ya okazyo yanaingia sokoni hasa wakati huo wa ukaguzi kukaribia. New Zealand, nchi nyingine inayonunua sana magari yaliyotumika Japani, iliona mlango huo na mwaka 2018 serikali yake ikalazimisha kurekebishwa kwa magari yenye erbagi za aina mbaya zaidi, hata yale yaliyoletwa na wachuuzi wadogo na si wakala wa kampuni.

Kwetu, gari likifika, DGDA inatoza ushuru, OCC inakagua bidhaa, halafu zinafuata plaka, asiransi na kontrolo tekniki. Mnunuzi anatoka na rundo la karatasi zenye mihuri. Karatasi hizo zinaonyesha alicholipa. Hazimwambii kama chombo kilicho ndani ya volani, sentimita chache kutoka kifua chake, kilishabadilishwa. Hata ule ugomvi wetu wa siku zote juu ya volani ya kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia unapigiwa kelele zaidi, na si ajabu: volani inaonekana, erbagi haionekani.

Erbagi si kosa pekee la RAV4. Mwaka 2016 Toyota iliita magari milioni 2.87 duniani, mengi yakiwa RAV4, pamoja na ndugu yake Vanguard iliyouzwa Japani. Iligundulika kwamba gari likigonga kwa nguvu, fremu ya chuma ya kiti cha nyuma inaweza kukata mkanda wa abiria. Dawa yake ilikuwa rahisi hata kuchekesha: kifuniko cha plastiki juu ya chuma kile. Bila shaka mtu atasema kwamba kwetu nyuma wanakaa watano na mkanda haufungwi. Ni kweli, na ndiyo sababu kosa hili halijawahi kutuuma kwa jina lake.

Kuna lingine ambalo mafundi wetu wanapaswa kulijua kuliko mtu yeyote. Mwaka 2012 RAV4 za 2006 hadi 2011 ziliitwa Marekani kwa ajili ya mikono ya chuma inayoshikilia magurudumu ya nyuma. Kosa lilijitokeza baada ya kazi ya kunyoosha magurudumu, ile inayoitwa paralelismu: nati zisipokazwa vizuri, uzi wake unapata kutu, unalika, na siku moja mkono unachomoka gari likiwa mwendoni. Kule walizungumza juu ya barabara za lami. Anayejua njia ya Kalemie kwenda Moba wakati wa mvua hahitaji kuelezwa zaidi. Sauti ya kugonga kutoka nyuma, au gari linalovuta upande baada ya kutoka garaji, si jambo la kuzoea.

Halafu kuna habari ya batri, na hii inafundisha kitu kingine. RAV4 za 2013 hadi 2018 zilianza kuwaka moto bila kugongana. Wenye magari wachache waliandika malalamiko kwa NHTSA, shirika la serikali ya Marekani la usalama barabarani. Uchunguzi ulipofunguliwa mwaka 2021, malalamiko ya moto yalikuwa 11 tu. Kumi na moja, katika magari karibu milioni mbili! Lakini yalikuwa yameandikwa, kila moja na mwaka wa gari, mahali na namna ilivyotokea, hivyo watu waliweza kuona kwamba yanafanana. Mwezi wa Novemba 2023 Toyota iliita RAV4 milioni 1.85. Sababu: batri za kubadilisha hazilingani zote kwa ukubwa wa juu, na mtu akiweka iliyo ndogo bila kuikaza kibano chake, inacheza gari linapokata kona, ncha ya chanya ya batri inagusa kibano, na moto unaanza.

Nani kati yetu hajaona batri iliyofungwa kwa kamba ya mpira, au iliyobanwa kwa kipande cha ubao? Batri inanunuliwa kwa bei na kwa ile iliyopo dukani, haichaguliwi kwa umbo. RAV4 ikiungua Kalemie, watu watasema ni mafuta, ni fundi, ni wivu wa jirani, na mabaki yatasukumwa pembeni. Ya pili ikiungua Uvira miezi sita baadaye, hakuna kitabu kimoja ambamo moto wa kwanza na wa pili vinakutana. Malalamiko yetu ni mengi na ya haki, ila yanaishia chini ya mwembe wa garaji. Tume ya kitaifa ya kuzuia ajali, CNPR, ingeweza kushika kitabu hicho kwa gharama ya daftari na simu.

Kwa anayetaka kununua sasa, kuna kazi ya dakika chache. Gari la soko la Japani lina namba ya shasi: herufi na tarakimu za modeli, kistari, halafu namba yake. RAV4 nyingi tunazoziona zinaanza na ACA21, ACA31 au ACA36. Namba hiyo imo katika cheti cha kusafirisha gari kutoka Japani na kwenye kibao cha chuma, mara nyingi ndani ya chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango. Toyota Japani ina ukurasa ambapo unaandika namba hiyo na kuona kama gari lina mwito ambao haujafanyiwa kazi. Ni Kijapani, lakini simu ya kawaida inatafsiri. Usitegemee mwaka wa gari peke yake: magari mawili ya mwaka mmoja yanaweza kuwa na erbagi tofauti, na orodha ya Marekani si ya Japani. Ukikuta mwito ungali wazi, mwambie muuzaji alifanyie kazi hukohuko kabla ya kulipakia melini, maana huko ni bure. Muuzaji akikataa kutoa namba ya shasi, amekwisha kukujibu.

Kwa aliye nalo tayari, tafuta vilevile, na ukute lolote wasiliana na wakala wa Toyota aliye karibu zaidi hata kama ni Lubumbashi, ukiwa na namba mkononi. Taa ya erbagi ikiwaka kwenye dashibodi, usikubali fundi aifunike kwa karatasi au aing'oe balbu. Na usinunue erbagi ya kuokota kutoka gari lililovunjwa, wala ile mpya ya bei ya ajabu: mwaka 2024 Marekani ilitoa onyo juu ya erbagi za bandia ambazo nazo ziliua watu kwa namna ileile. Fundi asiye na chombo chenyewe asifungue volani kabisa, maana kile kitu ni baruti.