Sven Nykvist, mtu wa mwangaza



Wengi wetu tukitoka kuangalia sinema tunataja majina ya wale waliocheza tu. Yule aliyesimama nyuma ya kamera hatumuulizi. Leo tunataka tuwaelezee mmoja wao, juu maisha yake yaligusa inchi yetu.

Sven Nykvist alizaliwa Uswidi mwaka 1922. Baba na mama yake walikuwa wamisionere wa Kiprotestanti hapa Kongo, wakati wa Wabeleji. Walitumika huku miaka mingi, na mtoto wakamuacha kule Ulaya kwa wandugu. Aliwaona mara chache. Sisi tunazoea kushukuru wamisionere kwa mashule na mahospitali, lakini bei yake mtoto huyu pia aliilipa, na hakuna aliyemuuliza. Baba yake alipenda kupiga foto za nyama wa pori, na inasemekana ni pale mapenzi ya kamera yalimuingia. Baadaye akakuja yeye mwenyewe Kongo kupiga filamu.

Kazi yenyewe ni nini? Mwongozaji anaonyesha watu namna ya kucheza. Mpiga-picha anaamua mwangaza utoke wapi, kivuli kianguke wapi. Zamani walikuwa wanajaza lampi nyingi, hata mtu wa chumbani usiku anang'aa kama bibi-arusi. Nykvist akaanza kuziondoa.

Kanisa ndilo lilimfundisha kuangalia. Ingmar Bergman, mwongozaji na mtoto wa pasta, alitaka kutengeneza filamu juu ya pasta aliyepoteza imani, ilitoka 1963. Hadithi inapita katika masaa machache ya siku moja ya baridi. Basi wawili hao wakaenda kukaa kanisani, toka saa tano mpaka saa nane, wanaangalia tu. Wakaona kama mwangaza unabadilika kila mara, hata jua likifichwa na mawingu, na kama vivuli hakuna. Kisha kanisa la filamu likajengwa ndani ya studio, na Nykvist akaelekeza lampi kwenye vitu vyeupe, ili mwangaza urudi polepole kwenye sura za watu. Mujaribu wenyewe: muangalie sura ya mwenzenu karibu na dirisha siku ya mvua, kisha saa sita kwenye uwanja. Kwenye jua kali macho yanakuwa mashimo meusi.

Alipata Oscar mbili, 1974 na 1984, zote kwa filamu za Bergman. Woody Allen wa Marekani naye akamuita. Andrei Tarkovsky, Mrusi, alitaka nyumba nzima iungue mbele ya kamera katika filamu yake ya 1986. Kamera ikakwama, nyumba ikawa majivu. Wakaijenga upya, wakaichoma tena!

Mwishoni ugonjwa ukamnyang'anya maneno, akaacha kazi. Mwaka 2000 mtoto wake Carl-Gustaf akatoa filamu juu yake. Mara hii Sven ndiye alikuwa mbele ya kamera. Alikufa mwaka 2006, akiwa na miaka 83.