Duka la dawa lenye wafalme ukutani

Kwenye uwanja wa Cornhill, mjini Bury St Edmunds, Suffolk, ambako soko hupangwa kila Jumatano na Jumamosi, lipo jengo lenye mbao nyeusi, lipu nyeupe iliyotiwa nakshi na sanamu za wafalme ukutani. Ukilitazama harakaharaka utasema lina miaka 400. Kumbe ni la mwaka 1911. Lilijengwa liwe duka la dawa la Boots, na msanifu wake, Michael Vyne Treleaven, alikuwa akiichorea kampuni hiyo maduka.

Shusha macho hadi chini, utaona vioo vipana vya kuonyeshea bidhaa. Nyumba halisi ya karne ya 16 ilibebwa na nguzo zake za mwaloni. Nguzo hizo zisingeweza kuondolewa ili kuacha uwazi mpana hivyo. Hapa mbao ni pambo.

Kwa nini kampuni ya kisasa iingie gharama hiyo? Jibu liko Nottingham. Jesse Boot, aliyeikuza kampuni ya Boots, alianzia huko kwenye kiduka cha mitishamba cha wazazi wake, akapanuka kwa kushusha bei. Chumvi ya Epsom, ambayo wenzake waliuza peni moja kwa aunsi, yeye aliiuza peni moja kwa ratili nzima, yaani aunsi 16. Wagonjwa maskini walifurahi, wauza dawa wakamchukia. Mwaka 1880 mahakama ya juu kabisa iliamua kuwa kampuni inaruhusiwa kuendesha duka la dawa, na njia ikawa nyeupe kwa matawi kuenea nchi nzima.

Basi kila mji alioingia, Boot alikuwa mgeni aliyekuja kuwanyang'anya wenyeji wateja. Naamini ukuta ule ulikuwa namna yake ya kupiga hodi. Yupo Edmund, mfalme aliyeuawa na Wadenmaki mwaka 869, ambaye mji umebeba jina lake. Yupo Edward I, aliyeitisha bunge hapa 1296, na Edward VI, ambaye shule ya mji iliyoanzishwa 1550 inaitwa kwa jina lake. Hata nakshi za lipu ni ufundi wa siku nyingi wa Suffolk.

Boots wenyewe walishahama. Napita mitaa ya maduka ya Uingereza leo, kibao kilekile na rangi ileile toka mji hadi mji, nami naona tumepoteza adabu fulani, ile ya kupiga hodi. Enzi zile, kule Derby, kampuni hiyohiyo haikupeleka wafalme wa Suffolk: iliweka sanamu ya Florence Nightingale, ambaye ukoo wake ulikuwa na makazi Derbyshire, na ya John Lombe, aliyejenga kiwanda cha hariri mjini humo.